Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchora bati, chuma na shaba zinazoaminika kwenye kompyuta

Ninachora mageti, grili na mapaa kwa ajili ya mafundi wa kuchomelea hapa Mtwara mjini. Mteja huona picha kwanza, akiridhika ndipo chuma kinakatwa. Maswali haya yamenijia kwa miaka kadhaa, mengine kwa WhatsApp saa sita usiku, mengine dukani huku grainda inapiga kelele. Programu ninayotumia ni Blender, maana ni ya bure na ikishawekwa haikudai intaneti. Hata hivyo karibu yote niliyoandika hapa yanafaa kwenye programu nyingine pia.

Kaka, mbona chuma changu kinafanana na plastiki ya kijivu?

Nusu ya wanaoniuliza hivi wamepaka rangi ya kijivu, wakakaa kusubiri muujiza. Chukua kijiko cha stenlesi kilichooshwa vizuri, kisogeze karibu na khanga nyekundu: kijiko kinakuwa chekundu. Kipeleke mlangoni, utaona humo anga, mnazi, na kichwa chako kikiwa miguu juu. Ile unayoiita rangi ya chuma, sehemu kubwa ni vitu vilivyokizunguka.

Plastiki, mbao, udongo na rangi ya ukutani hupokea mwanga ndani kidogo, huutawanya, kisha huurudisha ukiwa na rangi ya kitu chenyewe. Metali haina mambo hayo. Mwanga unaopenya humezwa hapohapo, na uliobaki hurudi kama unavyorudi kwenye kioo. Ukitazama plastiki moja kwa moja kwa mbele, ni kama asilimia 4 tu ya mwanga inayorudi kwa namna ya kioo. Chuma kitupu hurudisha zaidi ya nusu, na alumini hupita asilimia 90.

Sasa rudi kwenye kazi yako. Geti limesimama peke yake katikati ya utupu wa kijivu, na taa moja juu. Litaakisi nini, kama si huo utupu? Ndiyo maana wengine wakipandisha kitelezi cha metali (kile kinachoiambia programu kitu ni metali au si metali) hadi 1 geti linageuka jeusi, wanadhani wameharibu kitu. Hawajaharibu. Geti linasema kweli: hakuna cha kuakisi. Weka picha ya mazingira ya nyuzi 360, ile ya HDRI, au kama huna, weka bapa la udongo chini, ukuta wa nyumba ya jirani kwa mbele na anga yenye mawingu. Chuma kitafufuka kabla hujagusa tekscha yoyote, yaani picha za uso zinazobandikwa juu ya umbo. Mimi siku hizi naanza na mazingira, chuma baadaye.

Metali niweke ngapi? 0.5 si ndiyo katikati?

Hapana. Kitu ama ni metali ama si metali, kwa hiyo ni 1 au 0. Namna hii ya kuwa na kitelezi kimoja cha metali ilienea kutokana na andiko la Brent Burley wa Disney la mwaka 2012, na Blender iliipokea kwenye toleo 2.79 mwaka 2017. Namba za katikati hufaa kwenye ule ukingo mwembamba tu, pale rangi iliyobanduka inapokutana na chuma, au vumbi jepesi linapofunika bati.

Watu wengi hukosea hapa: geti lililopakwa rangi ya mafuta si metali. Ndani ni chuma, ndiyo, ila jicho linaona rangi. Weka 0. Kutu nayo ni 0, kwa kuwa ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, kimekuwa kama udongo. Redioksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, 0. Ukibandua rangi kwenye kona ukafika kwenye chuma chenyewe, hapo tu ndipo 1.

Namba za rangi za kila metali nazipata wapi?

Ziko wazi, zimepimwa, na hazibadiliki kwa matakwa ya mteja. Kwa mpangilio wa nyekundu, kijani, buluu: chuma 0.56, 0.57, 0.58. Alumini 0.91, 0.92, 0.92. Fedha 0.95, 0.93, 0.88. Shaba nyekundu 0.95, 0.64, 0.54. Dhahabu 1.00, 0.71, 0.29. Ziandike kwenye vitelezi vya RGB vya Blender kama zilivyo. Usizigeuze kuwa ile misimbo ya herufi na namba ya wavuti bila kubadilisha mizani, kwa sababu misimbo hiyo hutumia mizani ya sRGB, ile ya picha za skrini, na shaba yako itatoka kama matofali mabichi.

Ona jinsi namba za chuma zilivyokaribiana: hakina rangi yake kabisa. Shaba na dhahabu ndizo zenye rangi, na rangi hiyo hukaa kwenye mng'ao wenyewe. Kidoa cha mwanga kwenye pete ya dhahabu ni cha njano. Kidoa cha mwanga kwenye beseni la plastiki la njano ni cheupe. Ukilishika hilo utatambua dhahabu bandia hata kwenye picha ya harusi.

Tekscha inakuja na picha tano au sita. Zote za nini?

Ya rangi unaijua. Ya metali ni nyeusi na nyeupe, inasema wapi ni chuma na wapi si chuma. Ya nomali, ile ya zambarau na buluu, hudanganya mwanga uone mikwaruzo na mabonde ambayo hayapo kwenye umbo. Ya urefu hunyanyua uso wenyewe ukitaka. Ya vivuli vya makona sipendi kuitumia ninaporenda (kutoa picha ya mwisho) kwa Cycles, injini ya Blender ya kuhesabu mwanga, kwa sababu inahesabu vivuli hivyo yenyewe, na ukiviweka mara mbili makona yanakuwa na masizi kama jiko la kuni.

Iliyobaki ni rafunesi, na hiyo ndiyo ninayoitumia muda mwingi kuliko zote. Rafunesi ni kiwango cha kufubaa. Kwenye 0 uso ni kioo, kwenye 1 mwanga umetawanyika wote. Historia ya chuma imeandikwa humo. Angalia komeo la mlango wa duka lolote: pale mkono unaposhika pameng'aa, pembeni pamefubaa, na kuna alama ya vidole vyenye mafuta ambayo si ya kung'aa wala si ya kufubaa. Rangi ni ileile mahali pote. Kinachotofautisha ni rafunesi tu. Mwanafunzi mmoja aliniletea mlango wenye rafunesi 0.3 kuanzia juu hadi chini, akauliza umekosa nini. Nikamwambia: umekosa watu.

Na jambo la kitaalamu linalowaponza wengi: kati ya picha hizi, ambazo huitwa ramani, ramani ya rangi pekee ndiyo isomwe kama sRGB. Rafunesi, metali, nomali na urefu ni takwimu, si picha, kwa hiyo kwenye nodi ya picha (nodi ni visanduku vya maagizo unavyounganisha kwa nyaya kwenye Blender) chagua ule mpangilio wa data isiyo ya rangi. Ukisahau, kila kitu kitang'aa kuliko inavyostahili na hutajua kwa nini.

Nomali yangu imegeuka: vichwa vya misumari vimekuwa mashimo.

Kuna mitindo miwili ya kuandika ramani ya nomali: yako imetengenezwa kwa mtindo wa DirectX, Blender inasoma mtindo wa OpenGL. Geuza chaneli ya kijani (ile sehemu ya kijani ya picha), basi.

Mabati ya paa niyachore kwa umbo au nitegemee tekscha?

Inategemea kamera iko wapi. Paa likionekana kutoka mbali, kama mtu aliyesimama barabarani, nomali inatosha. Lakini kamera ikisogea hadi kwenye kingo ya paa, ile milia ya mawimbi lazima ionekane ikikatika kwa umbo, maana nomali haiwezi kubadilisha mstari wa nje wa kitu. Paa lenye kingo iliyonyooka kama rula na mawimbi juu yake ni aibu, na nimeliona kwenye michoro ya watu wanaolipwa.

Kwa bati la mawimbi la kizamani, kutoka mgongo hadi mgongo ni milimita 76, yaani inchi 3, na kina karibu milimita 18. Chora wimbi moja, lirudie kwa modifaya, kile kifaa cha Blender kinachobadilisha umbo chenyewe. Kwa bati la migongo mipana, panda ngazi na futi kamba, upime lililoko mtaani kwako, kwa sababu kila kiwanda kina vipimo vyake. Unene usijisumbue: bati la geji 30 ni kama milimita 0.3, lakini lisiachwe bila unene kabisa, kingo itaonekana ya karatasi.

Kisha uso. Bati jipya la zinki lina maua, yale mabaka yenye kona kona kama barafu iliyopasuka, kila baka likirudisha mwanga kwa namna yake. Usiyachore kwenye rangi, yachore kwenye rafunesi. Tumia tekscha ya Voronoi, inayougawa uso kuwa seli zenye kona kona, kila seli ipate rafunesi yake kati ya 0.25 na 0.45 hivi, na rangi ibaki karibu sawa. Bati likikaa miaka, maua hupotea chini ya ufubavu wa kijivu. Mabati yaliyorundikwa yakiwa na unyevu hupata madoa meupe ya ungaunga, kutu ya zinki. Madoa hayo ni 0 kwenye metali, na rafunesi yake iko juu sana.

Halafu ndiyo kutu ya kahawia, na hii haianzi katikati ya bati. Huanza kwenye tundu la msumari, kwenye kingo iliyokatwa na mkasi, na pale bati mbili zilipolaliana maji yakakaa. Kutoka kwenye msumari hushuka mchirizi kwa kufuata mteremko wa paa. Mchirizi ukienda upande, mtazamaji hatajua kosa ni nini, lakini hatakuamini.

Kutu ya huku pwani ina tofauti na ya Masasi au Newala?

Ina tofauti, na ndiyo sababu tekscha nyingi za kupakua hazitufai zikibaki kama zilivyo. Zimepigwa kwenye nchi za baridi, kutu yake ni ya mvua na theluji. Huku kuna chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo bati hubaki na maji hata siku ambayo hakuna mvua, na kloridi zake hutoboa lile tabaka linalokinga chuma. Matokeo yake kutu ya pwani hula kwa vishimo na mabaka yanayovimba, rangi ya juu inainuka kama malengelenge kabla haijapasuka.

Nenda Shangani au Mikindani utembee taratibu. Grili ya dirisha linalotazama bahari imekwisha, ya upande wa pili wa nyumba hiyohiyo ina rangi yake. Jambo lililonishangaza nilipoanza kuchunguza: sehemu ya chini ya bomba la mlalo, isiyopata mvua, mara nyingi imeoza kuliko ya juu. Mvua huosha chumvi. Pasipooshwa, chumvi hujilimbikiza. Kwa hiyo ukiweka barakoa ya kutu, yaani picha ya nyeusi na nyeupe inayosema kutu iwe wapi, usiweke tu pale maji yanapotua, weka pia uvunguni na nyuma ya bawaba.

Kwenye nodi ninafanya hivi: nachukua mwelekeo wa uso kujua upande wa bahari na upande wa chini, nauchanganya na nodi inayosoma makona na ncha, kisha naivuruga kwa kelele (madoadoa ya kubahatisha) ya ukubwa mbili, moja kubwa ya mabaka na moja ndogo ya vishimo. Barakoa hiyohiyo moja inaendesha kila kitu: rangi inakwenda kahawia, metali inashuka hadi 0, rafunesi inapanda hadi 0.9, nomali inavimba. Anayebadilisha rangi tu na kuacha metali 1 anapata kutu inayong'aa kama chokoleti ya sherehe.

Kwa nyumba ya Masasi, punguza vishimo, ongeza vumbi jekundu kwenye nyuso za juu za vyuma, na uache kutu iwe nyembamba na sawasawa.

Naweza kupiga picha za tekscha mwenyewe kwa simu?

Unaweza, na nakuomba ufanye. Piga siku ya mawingu au kwenye kivuli cha ukuta, si jua la saa saba, kwa kuwa kivuli kilichoingia kwenye picha hakitoki tena na kitapingana na taa zako. Simama sambamba na uso, zima flashi, weka rula au sarafu pembeni ujue kipimo. Bati linalong'aa litakupiga picha wewe na shati lako. Vaa nguo nyeusi, au acha bati jipya, upige lililofubaa. Kutu, rangi iliyobanduka, saruji na mbao hutoka vizuri. Kioo na kromu achana nazo, hizo zichore kwa namba.

Geti la mtu, omba ruhusa. Ndani ya uzio wa bandari au karibu na mitambo ya gesi usitoe kamera bila kibali. Hapo hatuelewani na mtu kwa maelezo ya rafunesi.

Za bure za kupakua?

Poly Haven na ambientCG. Zote zinatoa kwa leseni ya CC0, maana yake unatumia hata kwa kazi ya malipo bila kudaiwa. Picha za Google si za bure kwa sababu tu zimetokea kwenye simu yako.

Kompyuta yangu ni ya kizee. Nipakue za 4K au 8K?

2K. Ramani moja ya pikseli 4096 kwa 4096 ikifunguliwa hula karibu megabaiti 64 za kumbukumbu. Ya 2048 hula 16. Zidisha kwa ramani nne, kisha kwa metali sita ulizoweka kwenye nyumba moja, utaelewa feni inalia nini. Weka 4K kwa kile kitu kimoja kilicho mbele ya kamera, vingine vibaki 2K au hata 1K. Utaokoa na bando.

Sufuria ya alumini iliyosuguliwa ina ule mng'ao kama feni. Naupataje?

Mikwaruzo ya steeliwaya imezunguka upande mmoja, kwa hiyo mwanga unatawanyika kukata mikwaruzo, hautawanyiki pande zote. Kwenye shada ya Principled, yaani ule mpangilio wa Blender wenye vitelezi vyote vya uso, kuna kitelezi cha anisotropiki, kinachovuta mng'ao upande mmoja. (Shada hii si ya maua, msiniandikie tena.) Pandisha hadi 0.7 hivi, na uipe tanjenti (mwelekeo wa mikwaruzo) ya mzunguko ili mistari ifuate duara la kitako. Bila tanjenti sahihi feni itaelekea kokote. Nje ya sufuria, chini, weka masizi: metali 0, nyeusi, rafunesi karibu 1. Sufuria yenye kitako cheupe haijawahi kupika.

Ekzosi ya bodaboda inaulizwa pia. Ile njano, zambarau na buluu karibu na injini ni tabaka jembamba la oksidi lililotengenezwa na joto. Tumia rampu ya rangi, nodi inayopanga rangi kwa mfululizo, kufuata urefu wa bomba, lakini iache metali iwe 1, maana tabaka hilo ni jembamba mno kuficha chuma.

Mwalimu ametupa kazi ya kuchora sarafu ya Kilwa. Tuanzie wapi?

Kazi nzuri, natamani ningepewa mimi. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba karne kadhaa kabla Wareno hawajauvamia mji mwaka 1505. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumsifu Mungu, na maandishi ya pande hizo mbili hupatana kwa vina kama beti. Mwaka 1944 tano ziliokotwa hadi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Kosa mtakalofanya ni kuichora ikimeremeta kama senti mpya. Shaba iliyolala ardhini karne nyingi imefunikwa: chini kuna tabaka jekundu la kahawia linaloelekea weusi, juu yake kijani. Kijani si metali, ni chumvi za shaba, kwa hiyo 0, rafunesi juu. Kijani kikae kwenye mabonde ya maandishi, kahawia iliyosuguliwa ionekane kwenye migongo ya herufi, na shaba tupu ionekane pale tu mfukuaji alipokwaruza, kama ipo. Duara lisinyooke, na unene usilingane. Maandishi msiyabuni. Tafuteni picha ya sarafu halisi, na mketi na mtu aliyesoma madrasa ahakikishe herufi hazijakatwa vibaya. Kisha mzitie kama ramani ya urefu, si nomali peke yake, kwa sababu sarafu hutazamwa kwa pembe.

Makona ya skwea paipu yangu yanaonekana ya katuni.

Kwa sababu umeyaacha makali kama wembe. Hakuna bomba linalotoka kiwandani hivyo. Weka beveli, yaani viringisha kona, ya milimita 1 au 2, ule mstari mwembamba wa mwanga kwenye kona utajitokeza, na hapo geti litaanza kuwa zito. Kwenye maungio weka mshono wa kuchomelea, mistari midogo ya vinundu, na pembeni yake mikwaruzo ya grainda yenye mng'ao. Fundi wangu huwa anatazama mshono kabla hajatazama geti. Kama haupo, anasema nimemchorea geti la gundi.

Mteja anataka geti lake lionekane jipya. Kutu na uchakavu niache?

Kutu acha. Mtu anayetoa pesa hataki kuona mwisho wa geti lake. Niliwahi kumpelekea mama mmoja mchoro wenye mchirizi mdogo wa kutu chini ya komeo, nikidhani nimefanya usanii. Akanijibu: "Mwanangu, hilo ninalo tayari nyumbani." Nikaufuta. Ila geti jipya nalo lina mambo yake: rangi ya mafuta ina mawimbi madogo ya brashi, vumbi hafifu limeshuka kwenye vyuma vya mlalo, na rafunesi haifanani juu na chini. Acha hayo, weka kidogo kuliko unavyotamani.

Nimempelekea mwenzangu wa Lindi faili kwa flashi, kwake kila kitu kimekuwa pinki.

Pinki maana yake picha za tekscha hazikuonekana. Faili la Blender hukumbuka tu njia ya kuzifikia, na njia hiyo iko kwenye kompyuta yako. Nenda kwenye menyu ya faili, sehemu ya data za nje, pakia rasilimali zote ndani ya faili, kisha uhifadhi upya. Faili litanenepa, hilo ni kawaida. Kabla hujalituma tena, badilisha kwa muda jina la folda yako ya tekscha, fungua faili, uangalie kama bati bado ni bati.